Pampu Haijafa, Imekauka Koo

Wazee wangu, ndugu zangu, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma wakati viti vimejaa tele huku mbele, habari zenu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu pampu ya baiskeli. Sisemi ile fupi inayofungwa kwenye fremu. Nasema hii ndefu ya kusimama, unayoikanyaga kitako kwa miguu yote miwili na kuusukuma mpini kwa mikono miwili. Nilipoambiwa nimepewa nusu saa nilicheka. Pampu ina maneno ya nusu saa? Nimefika nimekuta mmenipangia mezani pampu tisa, na kila mwenye pampu nikimuuliza ina nini, jibu ni lile lile: "Imekufa, fundi. Haijazi upepo."

Nimezipima zote kabla hamjakaa. Iliyokufa ni moja, hii yenye silinda iliyobonyea. Nadhani ilikanyagwa na kitu kizito, na mwenyewe tangu asubuhi ananikwepa macho. Silinda ikishabonyea, pistoni haiwezi tena kugusa kuta zake sawasawa pande zote, na hata uinyooshe kwa nyundo mpaka kesho haitarudi kuwa duara. Hiyo tuiweke pembeni. Nane zilizobaki hazijafa. Nyingi zimekauka koo tu.

Pampu ina milango miwili, basi. Mlango wa kwanza uko kwenye pistoni, mwisho wa fimbo, ndani ya silinda. Ni washa yenye umbo la kikombe: ya ngozi kwenye pampu za zamani, ya mpira kwenye nyingi za siku hizi. Mdomo wa kikombe hicho unatazama chini. Ukivuta mpini juu, kingo zake zinalegea kwa ndani, na upepo ulioko juu ya pistoni unapenya pembeni na kushuka. Ukisukuma mpini chini, upepo unaobanwa unazitanua zile kingo, zinagandamana na kuta za silinda, na njia inafungwa. Kadiri unavyosukuma kwa nguvu ndivyo kikombe kinavyozidi kujibana. Mimi nimefungua pampu miaka mingi na jambo hili bado linanifurahisha: hakuna springi pale, hakuna skrubu ya kukaza wala kulegeza. Upepo wenyewe ndio unaojifungia mlango.

Mlango wa pili uko chini kwenye kitako, pale hosi inapoanzia. Ni kigololi, au kisahani cha mpira, mara nyingi kikiwa na springi laini mgongoni. Kinauruhusu upepo uende kwenye hosi na kuukataza usirudi. Ndiyo maana unaweza kuvuta mpini kutafuta pigo jingine, na upepo uliokwisha kuingia kwenye tairi ukabaki huko huko. Zipo pampu chache za zamani, za kujazia tyubu zenye vali ya kipira, ambazo hazina kabisa mlango huu wa chini, kwa kuwa kile kipira cha vali chenyewe ni mlango tosha. Ukikutana na pampu ya namna hiyo usianze kutafuta kigololi kilichopotea. Mimi nilikitafuta siku nzima, nimepiga magoti, na tochi mkononi.

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alichapisha jambo ambalo kila aliyewahi kujaza tairi analijua kwa mabega yake: ukiubana upepo kwenye nusu ya nafasi yake, na joto lisipobadilika, shinikizo lake linakuwa mara mbili. Pampu ya majaribio yake ya hewa alitengenezewa na Robert Hooke, kwa hiyo hata mabingwa walihitaji fundi. Ninamtaja Boyle kwa sababu kuna watu wananiletea pampu nzima wakisema ni mbovu. Chukueni silinda yenye kipenyo cha ndani cha milimita 30. Uso wa pistoni yake ni kama sentimita 7 za mraba. Ukitaka tairi ifike shinikizo la baa 7, ambazo kwenye geji, ile saa ya pampu yenye mshale, ni kama PSI 100, yaani pauni 100 kwa kila inchi ya mraba, inabidi uikandamize pistoni hiyo kwa uzito wa karibu kilo 50. Kijana wa kilo 45 hawezi kuifikisha chini, hata auning'inie mpini. Mpe pampu yenye silinda nyembamba ya milimita 22, itamdai kilo 27 hivi, na atajaza huku anapiga soga. Ile nene ilitengenezwa kwa matairi mapana yanayotaka upepo mwingi wa shinikizo dogo. Kabla hujasema pampu ni mgonjwa, tazama umeipa kazi gani.

Na tazama tairi pia. Silinda hiyo ya milimita 30, ikiwa na urefu wa sentimita 50, inabeba theluthi ya lita kwa pigo moja. Tairi nyembamba ya milimita 25 ina nafasi ya kama lita moja, kwa hiyo mapigo 20 hivi yanatosha kuifikisha baa 7. Ukifika pigo la sitini na tairi bado inabonyea kwa kidole, kuna mahali upepo unatoroka, na huenda ni pancha. Jaribu kwenye tairi nyingine unayoiamini ndipo uilaumu pampu. Nasema hivi kwa sababu moja ya hizi pampu nane haina kasoro yoyote, na mwenye nayo atabaki nyuma tukimaliza, tuangalie tyubu yake.

Haya, tushike dalili. Msishike bisibisi bado.

Toa mdomo wa pampu kwenye tairi. Ziba tundu lake kwa dole gumba, na kama una matundu mawili ziba yote mawili. Mwambie mwenzako asukume mpini polepole. Pampu nzima itagoma katikati ya njia, na dole gumba litasikia linasukumwa. Mpini ukishuka mpaka chini bila ubishi wowote, na dole gumba lisisikie kitu, tatizo ni mlango wa juu: kikombe. Kati ya pampu hizi, tano ni hivyo. Mpini ukigoma kidogo halafu ukaanza kuzama taratibu, sogeza sikio. Ukisikia "sssss" kwenye mdomo au kwenye kiungo cha hosi, silinda yako haina kosa, unavujia nje. Usiposikia kitu nje, upepo unapanda ndani, pembeni mwa kikombe, na kutokea juu kwenye kifuniko. Weka shavu pale fimbo inapotokea, utausikia unakupuliza.

Mlango wa chini haupimwi kwa dole gumba, na hapa hata mafundi wanateleza. Wanaziba mdomo, wanasukuma, wanaachia, mpini unaruka juu, wanasema vali ya chini imekufa. Sivyo. Mpini ukigoma katikati, upepo uliobaki ndani ya silinda umebanwa, na lazima uusukume mpini juu hata kama pampu ni mpya. Upime hivi: funga mdomo kwenye tairi yenye upepo wa kutosha, sukuma mpini mpaka ugonge chini kabisa, kisha uachie. Chini kabisa hakuna upepo mwingi uliobaki wa kuunyanyua. Mpini ukitulia pale, au ukainuka kidogo tu, mlango ni mzima. Ukipanda wenyewe kama unavutwa na kamba, tairi inarudisha upepo kwenye silinda. Mwenye geji ataona pia mshale unaanguka kila anapovuta mpini, badala ya kubaki pale pale.

Kuna dalili nyingine mbili ninazopenda kwa sababu zinaokoa muda. Mshale ukiruka juu sana kwa mapigo mawili matatu, na tairi bado ni laini, pampu inafanya kazi yake. Upepo ndio umekosa pa kuingilia. Kwenye vali nyembamba, ile yenye kinati kidogo juu, umesahau kulegeza kinati, au umekilegeza lakini ncha imenata. Ibonyeze kidogo kwa kidole mpaka itoe pumzi moja, halafu rudisha mdomo. Kwenye vali nene, kama za gari, mdomo haujakaa vizuri na haubonyezi kile kipini cha katikati. Dalili ya pili ni mpini mzito wakati wa kuvuta juu, kama kuna mtu ameushika kwa chini. Hapo upepo haushuki chini ya pistoni: kikombe kimebana kupita kiasi na hakiruhusu upepo kupenya.

Sasa tufungue. Leteni moja ya zile tano, hiyo iliyo jirani na ya bluu.

Kwanza mdomo uwe nje ya tairi. Kifuniko cha juu kwa kawaida kinafunguka kwa mkono, kinyume cha saa. Kikigoma, kizungushie kipande cha tyubu ya zamani ili mkono usiteleze. Usikishike kwa koleo, ni plastiki na kitapasuka. Vuta fimbo yote nje. Haya, mpitishieni mwenzenu mwone. Hiki hapa ndicho kikombe. Kigongeni kwa kucha. Mnasikia? Kinalia kama ganda la mti. Ngozi imekunywa mafuta yake yote, imesinyaa, na sasa kikombe ni chembamba kuliko silinda. Upepo unapita pembeni kama watu wanavyopita kwenye geti lisilo na mlinzi. Hakijachanika, angalieni ukingo wote, ni mzima. Maana yake tunakiokoa.

Fungua nati inayokishika, kitoe, na ukumbuke mpangilio wa washa zilizo mbele na nyuma yake. Mimi huzipanga kwenye kitambaa kwa mstari jinsi zilivyotoka. Kifute, kisha kizamishe kwenye mafuta mepesi mpaka kilainike. Mafuta yanayotokana na mifupa ya miguu ya ng'ombe ndiyo mafuta ya ngozi hasa, lakini mafuta ya cherehani yanafanya kazi vizuri na ndiyo niliyo nayo leo. Kikikauka sana kiache usiku kucha. Kisha kikande kwa vidole, zungusha, tanua ukingo nje kidogo kidogo mpaka kiwe kipana kuliko silinda kwa nywele mbili tatu. Hapo usiwe na haraka. Ngozi ikiraruliwa na vidole vya mwenye pupa hairudi.

Mafuta ya kupikia hapana. Nilipokuwa mwanafunzi wa ufundi niliyatumia kwa sababu yalikuwa karibu. Pampu ilijaza vizuri ajabu, nikajisifu. Baada ya miezi michache ilirudi mpini umekwama katikati, ndani mmejaa ulimbo wa kahawia, na kazi ya kuusugua ilinichukua muda mrefu kuliko matengenezo yenyewe. Yale mafuta ya kopo ya kupuliza, ya kulegeza kutu, nayo si ya hapa: yanaosha grisi yote, kisha yenyewe yanakauka, na unabaki mkavu kuliko ulivyoanza.

Kama kikombe ni cha mpira, habari inabadilika. Mafuta ya mashine yatokanayo na mafuta ghafi yanaivimbisha mipira ya aina fulani mpaka inalegea kama ulimi. Tumia grisi ya silikoni, kidogo tu, ya kupaka kwa ncha ya kidole. Mpira uliopasuka ukingoni hauponi, unabadilishwa.

Kikombe kikiwa kwenye mafuta, angalia silinda. Funga kitambaa kwenye kijiti, ifute ndani, kisha ielekeze kwenye mwanga na uchungulie kama darubini. Mikwaruzo midogo ya kwenda juu na chini si kitu. Kutu unaondoa kwa msasa laini. Mkwaruzo unaouhisi kwa ukucha ndio mbaya, kwa maana upepo utapita humo hata kikombe kiwe kipya.

Kurudisha. Mdomo wa kikombe, nawaambia tena, unatazama chini, kwenye upepo unaobanwa. Niliwahi kuurudisha juu chini, mbele ya mwenye pampu, nikapiga mapigo kama mia moja huku jasho linanitoka, naye amesimama kimya. Mwishowe akaniuliza kwa upole, "Fundi, hicho kikombe si kilikuwa kinatazama kule?" Ukikiingiza, usikisukume moja kwa moja. Inamisha pistoni kidogo, kunja ukingo kwa ndani kwa vidole, zungusha fimbo huku unashusha, ili usijikunje. Ukingo uliojikunja ndani ya silinda ni sawa na ukingo uliochanika.

Ngozi ikiwa imechanika na huna ya kubadilisha, ikate mwenyewe kwenye mkanda wa kiuno wa zamani, ilimradi ni ngozi ya kweli na si plastiki iliyobandikwa, yenye unene wa milimita 2 hadi 3. Kwa silinda ya milimita 30 na ukingo wa kina cha milimita 8, kata duara la milimita 46: kipenyo cha silinda, ongeza ukingo mara mbili. Lilowekwe kwenye maji mpaka lilegee, lifunge kwa boliti na washa ya chuma ya milimita 25 hivi, kisha lisukume ndani ya kipande cha bomba chenye tundu sawa na silinda yako. Liache humo likauke. Litatoka kikombe. Punguza ukingo uwe sawa, tia mafuta. Nimewahi kukata kimoja kwa njia hiyo kwa ajili ya pampu ambayo mwenyewe alikuwa tayari ameitupa jaani.

Pampu nyingine hazina kikombe, zina ringi ya mpira iliyokaa kwenye mfereji wa pistoni. Wengi wanaiona inacheza mfereji ukiwa mpana kuliko ringi, wanadhani imechakaa, wanaweka nene zaidi ili ijae. Pampu inakufa mikononi mwao. Ringi ile inatakiwa kucheza. Ukisukuma chini inasogea juu ya mfereji na kuziba. Ukivuta juu inashuka upande wa chini, kwenye vijitobo au mikato, na upepo unapita. Ukiijaza isisogee, umefunga mlango kwa misumari. Safisha mfereji, paka grisi, weka ringi ya unene ule ule.

Mlango wa chini ni kazi ndogo, ila ni ya mtu mtulivu. Unafungua kiungo cha hosi kwenye kitako kwa spana. Tandika kitambaa cheupe chini kwanza, kwa sababu springi ile ikiruka, hata ukiiona ilipoangukia hutaamini ilifika vipi huko. Mara nyingi utakuta uchafu tu: chembe za ngozi iliyokauka, mchanga, vumbi la kutu. Chembe moja chini ya kigololi inatosha kuuacha mlango wazi. Futa, osha kwa maji ya sabuni, kausha. Kisahani cha mpira kikiwa na alama ya duara iliyozama, kigeuze upande wa pili. Kama pande zote zimekwisha, kata kingine kwenye tyubu ya zamani, sehemu isiyo na kiraka.

Mdomoni kuna gasketi ya mpira, na hiyo ndiyo inayochakaa mapema kuliko vyote kwa kuwa kila siku inasuguana na chuma cha vali. Fungua kifuniko cha mdomo, itoe, uangalie tundu lake. Likiwa limepanuka, igeuze, maana nyingi zinafaa pande zote mbili, na utapata muda wa kutafuta mpya. Zingatia mpangilio wa vipande vya ndani. Hosi iliyopasuka karibu na kiungo inakatwa sentimita mbili na kufungwa upya kwa klipu; nyingi zinapasuka hapo hapo, kwa kuwa watu wanaibeba pampu kwa kuishika hosi. Na geji ikigoma kucheza wakati tairi inakuwa ngumu, mwacheni mtu ajaze huku anaipima tairi kwa kidole chake. Sina zaidi ya kusema kuhusu geji.

Kikombe cha hii ya bluu nilikitia mafuta tangu jana jioni, mwenyewe alikileta mapema. Hiki mlichokigonga kwa kucha ni cha jirani yake, nacho kitalala kwenye mafuta leo. Narudisha... mdomo chini, nazungusha, umeingia. Nati. Kifuniko. Dada, pampu ni yako, njoo uisukume mwenyewe. Tairi ile pale, haina kitu. Kanyaga kitako kwa miguu yote miwili. Usitumie mgongo, nyoosha mikono, ushuke na uzito wako.

Moja. Mbili. Mtu mmoja aguse chini ya silinda, pale karibu na kitako, atuambie. Pana joto? Basi upepo unabanwa. Endelea, dada. Nane, tisa. Mshale uko wapi?

Baa tatu. Bado, bado, usiachie.